Fundo la Mgongoni

Zaina alikuwa akifikicha nguo za Samira kwenye beseni, nyuma ya nyumba yao ya mtaa wa Panda, akishangaa kwamba siku hizi nepi za mtoto hazichafuki, Clotilde alipoingia uani bila hodi. Huyu alikuwa shangazi wa Mamie, yaya wao. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa cheusi.

"Mama Husna, minye nakuya na habari mubaya. Mamie wetu alikufa."

Zaina alikung'uta povu mikononi, akacheka. "Mamie gani? Wenu iko mule ndani, iko na Samira mugongoni. Sikia."

Clotilde akasikiliza. Ndani, kandambili zilikuwa zikiburuzwa sakafuni, shwaa, shwaa, na sauti nyembamba ilikuwa ikimbembeleza mtoto.

"Alikufa ile usiku ya homa," Clotilde akanong'ona, akirudi kinyumenyume. "Tulimuzika kule Shituru. Mama, minye mwenyewe nilimuosha!" Akatoka mbio.

Zaina akabaki na nepi mkononi. Siku ya homa aliikumbuka. Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni kuuza unga, yeye ndiye aliyemfunga Samira mgongoni mwa yaya, na jioni yeye ndiye aliyefungua fundo na kusema, "Aksanti, pumzika." Kwao ilikuwa hivyo tangu kwa bibi yake: anayefunga ndiye anayefungua. Siku ile Mamie alikuwa akitetemeka, akaomba ruhusa, naye akamjibu, "Usishushe mutoto mupaka minye nirudie." Kisha akachelewa. Fundo lilifunguliwa na Asani, mumewe. Asubuhi yake Mamie alikuja kazini, kimya, akinuka udongo mbichi. Tangu hapo kila Zaina alipoamka alimkuta Samira amekwisha kubebwa, na kila alipolala alimwacha bado mgongoni, na kwa uchovu wake alishukuru tu kwamba kazi imepungua.

Alimwita mwalimu Hakim wa madrasa. Mwalimu alisoma mlangoni mpaka sauti ikamkauka.

"Uyu hakuvunja mulango," akasema chini chini. "Weye ulimupa kazi, haukumufungua. Jini alikuta nafasi wazi, akavaa sura yake. Enda, fungua."

Zaina akaingia. Yaya alisimama akitazama ukuta, akiyumbayumba kama wanavyofanya yaya wote, na Zaina akapeleka mkono kwenye kitenge, akapapasa kifuani pale fundo linapokaa, asilikute, akapapasa mbavuni, asilikute, na kitenge kilikuwa baridi na chepesi na hakikuwa na mwanzo wala mwisho, na alipomkamata mtoto kwapani amvute kwa nguvu, pumzi ya Samira ikakatika, midomo ikawa myeusi, na alipomwachia pumzi ikarudi, na alipovuta tena ikakatika tena, na muda wote huo ile sauti nyembamba ilikuwa ikisema bila kugeuka, "Sijamushusha, mama. Sijamushusha."

"Aksanti," Zaina akalia. "Aksanti, Mamie, pumzika!"

"Sijamushusha, mama."

Mwalimu alikuwa amekwisha kufunga kitabu chake. "Umechelewa," alisema. "Sasa bako na pumzi moja. Nikimufukuza uyu, mutoto anamufuata."

"Basi nifanye nini?"

"Muache amubebe," mwalimu akasema, akavaa viatu.

Zaina akaanua nguo. Akawasha makaa, akasonga bukari ya unga wa mahindi, akapika sombe, majani ya muhogo, kwa sababu watoto walikuwa na njaa.

Asani alirudi na vumbi la barabara ya Buluo, akanawa. Alikuwa dereva, na hakuwa akianza kula kabla ya kuhesabu watu wake, kama anavyohesabu abiria.

"Bote beko?"

"Husna iko," Zaina akajibu, akipakua. "Idriss iko. Samira iko." Mkono ukasita juu ya sufuria. "Mamie iko."

"Ashike mutoto vizuri. Kesho una soko."

"Anamushika," Zaina akasema.

Akaweka sahani ya Mamie mahali pake, na kando yake kibakuli cha uji wa Samira. Wote wakala. Mvuke ulipokwisha, sahani ile ilikuwa haijaguswa, na kibakuli pia.