Fundi Aliyekataa Tangi Lisimame

Ndugu zangu, sogeeni niwasimulie yaliyomkuta fundi mmoja wa kiwanda cha sabuni. Hakuwa mlevi wala mvivu. Maradhi yake yalikuwa mengine.

Siku ya mapumziko alikuwa amejinyoosha mkekani, bintiye akimkanyagakanyaga mgongo, mkewe akiwacheka kutoka jikoni. Simu ikaita. Fundi akaamka, akatafuta viatu.

"Tangi linapoa," akasema.

"Hakuna mwingine wa kwenda?" mkewe akauliza.

"Nipo mimi."

Neno hilo ndilo lililomzalia jina kazini: Nipo. Tangi lenyewe, la kuchemshia mafuta, lilikuwa na vidhibiti viwili vilivyosaidiana. Cha kwanza kilipima joto la mafuta, kikampa agizo mwenzake. Cha pili kilipima joto la mvuke uliolizunguka tangi, kikafungua au kufunga vali, yaani mlango wa mvuke, mapema, kabla mafuta hayajapoa wala kuzidi moto. Kipimo cha hicho cha pili kikaharibika. Kukibadilisha kulitaka tangi lisimame asubuhi moja tu. Nipo akakataa. Akavizima vyote viwili, akashika vali kwa mkono, na kwa miezi mingi akawa yeye ndiye kipimo.

Bosi alimsifu. Mwili haukumsifu. Akawa anasinzia na tonge mkononi, watoto wakimsalimu anaguna.

"Huko wanakuita Nipo," mkewe alimwambia, bila kupandisha sauti. "Humu ndani hupo."

Nipo akakoroma. Alikuwa ameshalala.

Mdogo wa mkewe, aliyefanya naye kazi kiwandani, alimsihi pia. "Shemeji, tulisimamishe tubadilishe hicho kipimo. Umechoka."

"Tangi hili nimelizoea. Wewe safisha sakafu yako."

Alasiri moja mvuke ukaongezeka nguvu ghafla. Nipo alikuwa amekaa juu ya kasha kando ya vali, kidevu kifuani. Ni usingizi wa kupepesa jicho tu, jamani, lakini mafuta hayangoji. Yakafura, yakamwagika. Aliyekuwa chini ya tangi, na ufagio mkononi, ni shemeji. Nipo aliamshwa na ukelele wake.

Hospitalini alisimama kando ya kitanda. "Nilikuwa macho," akaanza. Kisha akainamisha kichwa. "Hapana. Nililala, shemeji."

"Najua," mgonjwa akasema, akageukia ukutani.

Mgonjwa aliporuhusiwa, mkewe Nipo alimuuguza ndugu yake nyumbani kwao, pale pale sebuleni. Hakugombana na mumewe. Alizungumza naye habari za dawa na bandeji tu, na ukimya huo ulimwelemea kuliko matusi.

Kiwandani tangi lilisimamishwa. Kipimo kipya kikafungwa kabla ya saa sita mchana, vali ikaanza kujifungua na kujifunga yenyewe. Nipo aliitazama, mikono ikining'inia. Alikuwa amechoka hata kulia hawezi. Akarudi nyumbani jua lingali juu, akachukua bandeji mkononi mwa mkewe, akapiga magoti kumfunga shemeji yake. Mkewe akamwachia. Mkono ule wa shemeji ulioungua mpaka leo haunyooki.

FUNZO

Kujitwisha kila kitu si uaminifu. Mara nyingi ni kiburi kilichovaa nguo za kazi. Kilichoharibika kitengenezwe kingali kidogo, maana ukuta ukianguka hauchagui kichwa cha mwenye nyumba. Na aliyechoka aseme "nimechoka" kwa kinywa chake, asingoje mwenziwe aungue ndipo watu wajue.