Muda Aliouweka Yavor

Novemba hiyo ukumbi wa michezo mjini Sofia ulifurika watu, kila mmoja akisaka ski za mitumba, zile mbao za kutelezea thelujini, kabla theluji haijaanguka. Nevena, koti lake jekundu limefungwa mpaka kidevuni, alishika jozi ndefu nyeusi. Mkono wa mtu mwingine ukaishika kwa upande wa pili.

"Dada, hizi ni za mbio," alisema kijana mmoja mrefu, ndevu hazijachanwa. "Si za kupigia picha."

"Na hiyo midevu yako, kaka, ni ya mbio au ya picha?"

Watu wakacheka. Yavor akaachia ski, lakini hakuachia mazungumzo. Wakala banitsa ya moto, mkate wa jibini, nje ya ukumbi, na hapo akajua kwamba Nevena anauza kwenye duka la dawa ila roho yake inataka kufundisha ski. Nevena naye akajua kwamba huyu alikuwa mshindani wa ski wa timu ya taifa kabla goti halijamsaliti, na sasa ni kocha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia Krismasi mama yake Nevena alikuwa akimwita Yavor mkwe, mbele ya wageni, bila haya.

Usidhani ualimu wa ski ni kuvaa miwani na kupendeza. Nevena alishafaulu huduma ya kwanza, kufukua mtu aliyefunikwa na theluji, na kumfundisha mtoto anayelia jinsi ya kufunga breki. Kilichobaki ni mbio za kupita kati ya vijiti. Mfungua njia hutangulia kushuka kabla ya kila mbio, na muda wake ndio kipimo. Ukiuzidi kupita kiasi kinachoruhusiwa, umefeli. Unashuka mara mbili, ukifaulu moja inatosha. Mwaka uliopita alifeli zote. Akifeli tena, kozi nzima inaanza upya, na duka la dawa alishaliacha.

Asubuhi ya mtihani, juu ya mlima Pirin, mfungua njia aliamka na homa. Akaitwa Yavor. Watahini hawakujua ya moyoni mwake, naye hakusema.

Akashuka kama alivyozoea, mshale mtupu. Nevena akafuata, akakosa kwa nusu sekunde.

Simu ikalia akiwa kwenye kiti cha lifti, anapandishwa tena.

"Kipenzi, uko wapi?"

"Nakuja juu, Yavor."

"Ni pale penye mteremko mkali. Ulibana breki."

"Niliogopa! Sasa nisikilize. Usije ukanihurumia."

"Nakupenda, Neve."

"Sikukuuliza hilo, mwanaume wewe!"

Lakini alishakata.

Nevena alisimama juu pamoja na watahiniwa wenzake, akamtazama akishuka. Kwenye mteremko mkali, mahali ambapo Yavor hujikunja kama kisu cha mfukoni, aliinua kifua. Kidogo tu, upepo umshike. Asiyeuzoea mgongo ule asingeona. Muda ukatangazwa, nao ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza, kipimo kikawa rahisi. Wenzake wakashusha pumzi, mmoja akapiga ishara ya msalaba. Nevena aliona kama amezabwa kofi.

Akashuka na hasira zake. Penye mteremko mkali hakugusa breki.

Chini wakampokea kwa shangwe: amefaulu! Akawapita wote mpaka kwa Yavor.

"Ulijipunguzia kasi."

"Neve..."

"Msimu wote wa baridi nimefuata mgongo huo mazoezini, unamdanganya nani?"

"Niliogopa utashindwa."

"Yaani hukuniamini." Machozi yakamtoka. "Wengine wote wangenidharau, ningevumilia. Lakini wewe, Yavor? Wewe?"

Yavor akageuka, akaenda moja kwa moja kwa Bi Rusalina, mkuu wa watahini, akamweleza yote. Mama yule alimvua fulana ya namba kwa mkono wake mwenyewe.

"Msimu huu umekwisha kwako, kijana. Hata ukocha usahau."

Kisha akatangaza kwamba mbio za pili zitapimwa upya, kwa muda wa kwanza wa Yavor. Watahiniwa wakaguna. Nevena akaketi palepale thelujini. Akifeli sasa, wamekosa kila kitu wote wawili. Majina mawili yakafutwa kwenye orodha ya waliofaulu. Akafumba macho.

"Namba kumi na saba," alisema Bi Rusalina, akarudia kuangalia ili asikosee. "Nevena. Huyu amefaulu kwa kipimo chochote."

Yavor alikuwa amesimama mbali, penye uzio, anaogopa kusogea. Simu yake ikalia.

"Unajua kupika?"

"Nini?"

"Nauliza, unajua kupika? Maana mkeo atakuwa mlimani kutwa nzima, na wewe huna kazi."

Yavor alimtazama ng'ambo ya uwanja. Bado analia, anajifuta kamasi kwa glavu.

"Supu ya maharage," alisema. "Hiyo naiweza."

"Basi njoo unishike. Na ole wako uje polepole!"