Mayai Yasiyogeuzwa

Kila alfajiri, kabla ya kufagia uwanja, Kamusi alichungulia mashine ya kutotolea mayai iliyokuwa kwenye kona ya chumba cha shangazi yake. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake, kwa kuwa aliwazidi wote kwa Kiingereza. Shangazi, muuza vifaranga, alikuwa ameuza cherehani yake ili apate mashine hiyo.

Siku walipoiwasha, shangazi alimpa karatasi ya maelekezo amsomee. Kamusi alitiririka vizuri hadi akafika kwenye “turn over the eggs”. Neno moja moja alilijua, lakini yalipokaa pamoja yalimpiga chenga. Kwani “over” si kwisha? Badala ya kusema hajui, alijikohoza kama mtu mzima, akasema mayai yasiguswe mpaka siku zake zikaribie kwisha.

“Karo yangu haikupotea bure,” shangazi alisema huku akicheka.

Mayai yakalala vilevile.

Wiki ya pili, mwalimu wa Kiingereza alichukua kitabu mezani, akakigeuza upande wa chini ukawa juu. Akaeleza kuwa hiyo ndiyo “turn over”, na kwamba maneno ya namna hiyo huwezi kuyafasiri moja moja. Kamusi akatambua kuwa karatasi ilitaka mayai yageuzwe. Alirudi nyumbani ameazimia kusema, akamkuta shangazi anawaahidi majirani vifaranga. Akanyamaza. Kesho yake akanyamaza tena.

Ilipomshinda kabisa, alisema yote huku akilia. Shangazi hakumfokea, na heri angemfokea. Alifunga mapazia, akamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine. Karibu yote yalikuwa na kivuli kilichogandia upande mmoja. Machache bado yalikuwa na uhai ndani. Akayageuza taratibu.

“Nipige tu, shangazi.”

“Nikikupiga yatafufuka?” Shangazi aliketi sakafuni. “Kutojua si kosa, mwanangu. Hata mimi sikujua. Umeniumiza uliponificha ukweli.”

Wakachimba shimo nyuma ya nyumba, wakayafukia yaliyokufa. Yaliyobaki, Kamusi aliyageuza asubuhi na jioni.

Mwishowe walitoka vifaranga watatu, mmoja akiburuta mguu. Shangazi aliwakausha kwa kitambaa, akamwekea Kamusi mmoja kiganjani.

“Hawa tumewapata kwa sababu ulisema kweli,” alisema. “Ungesema hujui siku ile ile uliponisomea karatasi, wangejaa chumba kizima.”