Pikipiki Iliyokula Unga

Kila asubuhi mwoka mikate alipakia makreti mawili ya mikate kwenye pikipiki ya mumewe. Mume alipanda kilima mpaka shuleni, na watoto wakapata mkate na chai. Mambo yalikwenda vizuri, mpaka pikipiki ilipoanza kuchoka kilimani. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi. Siku nyingine mume alishuka akaisukuma, jasho likimtiririka kama ng'ombe wa plau.

"Mwalimu mkuu amesema nini leo?" mke aliuliza.

"Kasema chai ya watoto haisubiri. Tukichelewa tena, atatafuta mwoka mwingine."

Mke aliogopa. Bila shule, jiko lao lingepoa. Lakini alikuwa mtu wa kuulizauliza. Hata mkate ukikataa kuumuka, hakulala mpaka ajue sababu.

Mdogo wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mbio, alikuwa na dawa tayari.

"Shemeji, tuiongezee nguvu. Tunang'oa chujio la hewa, tunatoboa ekzosi. Injini inapumua, pikipiki inaruka."

"Ikipumua bila chujio, itavuta nini?"

"Hewa."

"Hewa tupu?"

Mbio alikuna kichwa. Mawazo yake hayakuwa yamefika hapo.

Wakaisukuma pikipiki kwa jirani yao, fundi. Fundi alisikiliza huku akitafuna mkate wa jana, maana mke hakuwahi kwenda kwake mikono mitupu.

"Kabla ya kuongeza nguvu," alisema, "tuone kama ile ya mwanzo bado ipo."

Alifungua kifuniko cha ubavuni, akatoa chujio, kipande cha sponji. Wote waliinama kutazama. Sponji ilikuwa nyeupe, tena inanata. Mke alichukua kidogo, akasugua kwa vidole.

"Mbona huu ni unga wangu?"

"Asubuhi mnaiwashia wapi pikipiki?" fundi aliuliza.

"Mlangoni," mume alijibu. "Naiacha ingurume kidogo, ipate joto."

"Na magunia ya unga mnakung'utia wapi?"

Mume alitazama paa. Mke alitazama viatu vyake.

"Hapo hapo mlangoni," mke alisema, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

Fundi naye alicheka, halafu akaeleza. "Injini inahitaji petroli na hewa. Chujio likiziba, hewa inapungua na petroli inazidi. Haiungui vizuri. Ndiyo huo moshi mweusi."

"Na tungeling'oa?" mke aliuliza.

"Vumbi lingeingia ndani. Vumbi lina mchanga, na mchanga unasaga injini kama msasa. Mngefurahi siku chache, kisha mngenunua injini."

"Na ekzosi je?" Mbio aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukiitoboa utapata kelele. Kilima hakipandwi kwa kelele."

Fundi alimwonyesha mke namna ya kusafisha. Mke alifua sponji kwa maji ya sabuni, akaibana bila kuisokota, akaianika kivulini. Ilipokauka aliipaka oili kidogo, akaikamua tena. Mikono iliyozoea kukanda haikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Bado mke alikuwa na swali. "Na kama haitatosha?"

"Tutaweka gia ya mbele yenye meno machache, ile inayovuta cheni. Itapanda kwa nguvu zaidi, ila mbio za tambarare zitapungua. Huwezi kupata vyote."

"Basi tusiiguse," Mbio alisema haraka.

Asubuhi iliyofuata mke alikung'uta magunia nyuma ya nyumba, mbali na mlango. Mume aliondoka na makreti yake. Mke alisimama mlangoni akisikiliza. Sauti ya pikipiki ilipanda kilima bila kukohoa, ikafifia, ikapotea. Hakutulia hata hivyo. Alifagia mahali palipokwisha kufagiwa, mpaka mume aliporudi.

"Mwalimu mkuu amesema nini?"

Mume aliegesha pikipiki bila haraka, akavua kofia.

"Kasema tumewahi mno. Chai haijachemka."