Rangi ya Maji ya Chai

Ncha ya chuma iliingia kinywani mwa Shangazi Anandumi bila kugusa mdomo wala ulimi, ikatua kwenye gego la mwisho la chini, ikaanza kutetema. Mtetemo wenyewe hakuna aliyeuona. Ncha ile ilicheza mara elfu thelathini kwa kila sekunde, kasi ambayo jicho la binadamu haliifikii, na kazi yake ilijulikana kwa chembe za manjano zilizoruka ndani ya ukungu wa maji. Ukoga ulioganda pale kwa miaka, mgumu kama saruji, ulibanduka kipande kwa kipande, na bomba jembamba likaufyonza kabla haujafika kooni.

Mashine hiyo iliitwa Mng'arishi. Alikuwa na mikono miwili tu na jicho moja, na kwa kweli hakuhitaji zaidi. Mkono wa kwanza ulikuwa wa kukwangua, wenye ile ncha ya mtetemo na maji ya kuipoza. Wa pili ulikuwa wa kusugua, nao ulibeba kikombe kidogo cha mpira kilichozunguka huku kikipaka jino unga wa kung'arishia. Jicho lilisimamia yote: liliangalia jino, likaamua kipi ni jino na kipi ni uchafu, kisha mikono ikatii.

Alibuniwa Arusha, na watu wa Arusha hawakuacha kulisema hilo. Mji ulikuwa umepanda mpaka kwenye mabega ya Mlima Meru na kumeza vijiji vyote hadi Maji ya Chai, na ulikuwa na mambo mengi ya kujivunia, lakini roboti wa meno aliyebuniwa na binti wa Kimeru lilikuwa jambo la kumsimamisha mgeni njiani na kumsimulia. Binti mwenyewe, Mhandisi Ndeshukurwa Sumari, alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye kiti, mkono wake ukiwa juu ya kitufe chekundu.

Kitufe hicho kilitokana na Sheria ya Damu. Tangu mashine ziruhusiwe kugusa miili ya watu bila msaada wa binadamu, serikali iliweka sharti moja lisilo na mjadala: anayetaka kibali aketishe ndugu yake wa damu kwenye kiti, mbele ya kamati, na yeye mwenyewe ashike kitufe cha kusimamisha. Mashine ikimaliza kazi peke yake, inapata kibali. Mbunifu akibonyeza, kazi imeharibika na atarudi baada ya mwaka. Wenye akili za biashara waliiona ni sheria ya kishamba. Wananchi waliipenda sana.

Wazazi wa Ndeshukurwa walikuwa wamefariki. Aliyebaki ni Shangazi Anandumi, kiongozi wa kwaya ya Maji ya Chai, mwanamke aliyecheka akionyesha meno yote, na meno yake yalikuwa ya kahawia kuanzia pembeni hadi mbele.

Hapo inabidi kueleza, maana watoto wa siku hizi hawajui. Chemchemi za Mlima Meru zina madini ya floridi kupita kiasi. Zamani, kabla ya mitambo mikubwa ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, mtoto aliyekunywa maji yale wakati meno yake yangali yanajijenga ndani ya ufizi aliota meno yenye rangi ya kahawia. Rangi hiyo haikuwa imepakwa juu. Ilikuwa ndani ya ganda la jino, imeumbwa pamoja nalo. Shangazi alikuwa nayo, na Ndeshukurwa pia alizaliwa katika miaka ya mwisho ya maji yale, ingawa aliyemtazama siku ile asingejua. Alipokwenda shule ya bweni Dar es Salaam wenzake walimtania mpaka akajifunza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mshahara wake wa kwanza aliutumia kubandika vigamba vyembamba vya kauri nyeupe juu ya meno ya mbele, bila kuyachonga.

"Ukoga wote umeondoka," Mng'arishi alitangaza kwa sauti yake tulivu. "Naanza kusugua."

Dkt. Shemzigwa, mwenyekiti wa kamati, daktari wa meno mwenye mvi na maneno machache, alisogeza kiti chake mbele. "Kazi safi," alisema. "Mimi mwenyewe gego lile lingenitoa jasho."

Ndeshukurwa aliusikia moyo wake ukipanda kwa furaha. Miaka yote ile ya kuijaribu mashine kwa vijana wa mjini, wavuta sigara, wanywa kahawa, madoa yao yakitoka kama masizi kwenye sufuria, na sasa ilikuwa imebaki hatua ya mwisho tu.

Kikombe cha mpira kikazunguka kwenye magego, kikaja kwenye chonge, kikafika mbele. Mng'arishi alisugua jino la mbele la juu, akatazama, akasugua tena. Ile kahawia ilikuwa palepale.

"Doa halijatoka," alisema. "Nabadilisha unga."

Akachukua unga wenye chembe kubwa zaidi. Mkono ukaongeza mgandamizo. Sauti ya kikombe ikabadilika, ikawa nzito, na ukungu uliotoka kinywani ukawa na weupe kidogo ndani yake, weupe ambao Ndeshukurwa aliutambua mara moja. Haukuwa uchafu. Lilikuwa ganda la jino la shangazi yake, linaliwa.

Alimtazama shangazi. Kabla ya kuanza alikuwa amemweleza vizuri kabisa: ukiumia, inua mkono wa kushoto, mashine itasimama yenyewe. Kama mgonjwa ndiye aliyeisimamisha, kamati ingehesabu kuwa ni dosari ndogo, na kibali kingeweza kuokolewa. Lakini Shangazi Anandumi hakuwa mtu wa kuinua mkono mbele ya wageni waliokuja kumpa mtoto wa kaka yake heshima. Mikono yake yote miwili ilikuwa imekamata upindo wa kitenge, vidole vimekakamaa, na chozi moja lilikuwa likishuka taratibu kuelekea sikioni. Macho yake yalimwambia Ndeshukurwa waziwazi: niache, nitavumilia.

"Doa halijatoka," Mng'arishi alisema. "Nabadilisha unga."

Ndeshukurwa alibonyeza kitufe.

Mikono ilirudi nyuma, taa ikazimika. Mwanakamati mmoja alishusha pumzi kwa masikitiko. Ndeshukurwa hakumjali. Alimwinua shangazi, akampa maji ya kusukutua, na shangazi alipoyagusa kwa meno ya mbele alishtuka kama aliyeungua.

"Ya baridi hayo," alisema shangazi, akijaribu kutabasamu. "Mbona umeizima, mama? Ilikuwa inamalizia."

"Ilikuwa inakumaliza wewe, shangazi. Kwa nini hukuinua mkono?"

"Niinue mkono, waseme mashine ya Ndeshi inaumiza watu?"

Dkt. Shemzigwa alikuwa amekwisha kuvaa glavu. Aliangalia jino kwa kioo kidogo, kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. "Ganda limepungua hapa. Halitarudi. Mhandisi, mtu yeyote aliyesoma meno anajua rangi hii haisuguliki. Mashine yako imejuaje kila kitu isipokuwa hili?"

Swali lilikuwa la haki. Ndeshukurwa alilielekeza kwa Mng'arishi mwenyewe, maana roboti yule alijengwa aweze kueleza kila uamuzi wake. "Kwa nini umeendelea kusugua?"

"Rangi hii ni uchafu," Mng'arishi alijibu. "Nilifundishwa hivyo kwenye somo langu la kwanza. Niliuliza hii ni nini, nikajibiwa ni uchafu."

Na kwa kuwa aliulizwa mbele ya kamati, alionyesha somo lenyewe kwenye kioo kikubwa ukutani. Ilikuwa picha ya kinywa cha msichana: ufizi mzuri, meno yaliyopangika, yote ya kahawia. Ndeshukurwa aliikumbuka saa ileile. Usiku ule wa mwanzo hakuwa na picha nyingine karibu, akatumia ya kwake mwenyewe, aliyopigwa kabla ya kubandikwa kauri. Mashine iliuliza, naye akajibu bila hata kufikiri, kama mtu anayefukuza nzi. Uchafu. Neno lile alilotaniwa nalo bwenini, akalipandikiza kwenye kichwa cha roboti, na roboti akaja nalo mpaka kwenye kinywa cha shangazi yake.

"Meno ya nani hayo?" Dkt. Shemzigwa aliuliza.

Angeweza kusema ni ya mgonjwa fulani. Nani angebisha? Alimwangalia shangazi, ambaye alikuwa ameikazia macho ile picha.

"Yangu," alisema Ndeshukurwa.

"Ni yake," shangazi akaongeza, kwa sauti ileile aliyowaingiza nayo waimbaji wake. "Na ni ya baba yake, na ni yangu. Sisi tumekunywa maji ya mlima wetu. Nimeimba kwa meno haya Dodoma mbele ya maaskofu, na hakuna aliyeniambia nikaoshe mdomo."

Ndeshukurwa aliona haya, kisha akashangaa kuona kwamba nyuma ya haya kulikuwa na kitu kingine kikubwa zaidi kilichokuwa kikipanda kifuani. Ilikuwa fahari, na ilikuwa imemsubiri muda mrefu.

Kibali hakikutoka siku ile. Mwaka uliofuata Mng'arishi alipelekwa Maji ya Chai, ukumbi wa kanisa, akarudishwa darasa la kwanza. Wazee walikuja wamevaa nguo za Jumapili. Walikaa mbele ya jicho lake mmoja baada ya mwingine, wakakenua bila aibu, wakitaniana nani ana kahawia iliyokolea zaidi, huku Dkt. Shemzigwa akimweleza roboti kwa subira: huu hapa ni ukoga, kwangua, hili ni doa la chai, sugua kwa unga laini, hii ni rangi ya jino, iache. Mzee mmoja aliuliza kama mashine inajua kwamba watu wa meno haya karibu wanaisha, kwa kuwa wajukuu wote wanakunywa maji yaliyochujwa. Daktari akamjibu kwamba ndiyo maana inabidi ijifunze sasa.

Siku ya majaribio ya pili ilipofika, palikuwa na tatizo. Jino la Shangazi Anandumi halikufaa tena kuguswa. Tangu ile siku chai aliinywa ikiwa imepoa, yeye aliyekuwa akidai chai isiyounguza ni maji ya kunawia, na hilo halikuwa na dawa. Ndeshukurwa hakuwa na ndugu mwingine wa kumketisha. Aliiandikia kamati ombi fupi, kamati ikakaa, ikakubali.

Kwa hiyo aliyeketi kwenye kiti alikuwa mbunifu mwenyewe. Na aliyesimama pembeni, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni na kidole juu ya kitufe chekundu, alikuwa shangazi yake.

Ndeshukurwa alifungua mdomo, na wanakamati waliomfahamu wakatazamana. Vigamba vya kauri havikuwepo. Alikuwa ameviondoa wiki hiyo, na chini yake kahawia ilikuwa palepale alipoiacha, imekolea na kung'aa.

Ncha ya mtetemo ilianza kazi. Maji yakatiririka, ukoga ukabanduka, na ulikuwepo wa kutosha, kwani wahandisi nao ni watu. Kikombe cha mpira kikafuata kwa unga laini, kikapita magego, kikapita chonge, kikafika mbele. Kikasugua mara moja. Kikasimama.

Shangazi alikaza kidole.

"Nimeona rangi ambayo haitoki," Mng'arishi alisema. Ilikuwa sehemu ya mafunzo yake mapya: akifika mahali kama hapo, amuulize mwenye kinywa kabla ya kugusa zaidi. Alirudisha mikono yote miwili ili mgonjwa aweze kusema. "Hii ni nini?"

Ndeshukurwa alimeza mate yenye ladha ya mnanaa.

"Ni yangu," alisema. "Iache."

"Jino ni safi," Mng'arishi akajibu, na mikono yake ikajikunja mahali pake.

Kidole cha shangazi kilitoka kwenye kitufe bila kukibonyeza. Dkt. Shemzigwa alisaini kibali palepale, amesimama. Kisha mpiga picha wa kamati akamwomba mhandisi atabasamu kwa ajili ya kumbukumbu, na kiganja cha Ndeshukurwa kikainuka chenyewe kuelekea mdomoni, kwa mazoea ya tangu shule. Shangazi Anandumi alikikamata njiani, akakishusha, akaendelea kukishika mpaka picha ikapigwa.