Jiwe la Nyamuswa

Gari la Boniphace lilikuwa na mawe matatu. Moja lilikaa nyumbani kwake Kamunyonge, karibu na mlango. La pili lilikaa Mugango, alikonunua dagaa. La tatu lilikaa Nyamuswa, kwa mama mkwe wake, Benedikta.

Lilikuwa gari dogo la zamani. Injini ilikuwa nzima, lakini hendibreki, yaani breki ya mkono, ilikuwa imelegea. Ukiivuta, inapanda mpaka juu na gari linateleza vilevile. Basi kila penye mteremko, mtu alishuka kuweka jiwe nyuma ya tairi. Boniphace alikanyaga breki ya mguu na kungoja. Jiwe likishakaa, yule mtu alipiga bodi kwa kiganja mara mbili. Pa, pa! Ndipo Boniphace alipoachia mguu.

Watu walicheka: "Mleteeni Boniphace jiwe lake!" Naye alicheka. Kicheko hicho kinaniudhi mpaka leo. Gari lilikuwa bovu, na watu wazima walilifanya kichekesho.

Jirani yake Stellah, fundi wa magari, hakucheka.

"Jirani, lete hilo gari tutengeneze hendibreki."

"Nilishajaribu mwenyewe," alijibu Boniphace. "Nilikaza nati ya waya wa hendibreki, tairi likaanza kunuka moto. Nikailegeza. Jiwe linatosha."

"Ulianzia mwisho. Lete gari."

"Wiki ijayo," alisema Boniphace. Alisema hivyo kila wiki.

Jumamosi moja, Boniphace na mkewe Matrida walipeleka dagaa Nyamuswa, kisha wakapita kumsalimia Benedikta. Nyumba yake iko kwenye kilima. Mama alitoka zizini na ndoo ya maziwa. Alimpenda sana mkwe wake. Jiwe lake aliliweka yeye, hakumwachia mtu.

"Mama, acha niweke mimi," alisema Matrida.

"Wewe kaa. Hili ni jiwe la mkwe wangu."

Aliinama nyuma ya tairi. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado unasukuma jiwe pale goti lilipomchoma. Akajishikiza kwenye gari kwa mkono wa kushoto. Kiganja kikagonga bodi, kikateleza, kikagonga tena. Boniphace alisikia pa, pa. Akaachia mguu.

Gari lilirudi nyuma kidogo tu. Tairi likaubana mkono juu ya jiwe.

Hospitalini, Benedikta alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Ni mkono aliokamulia ng'ombe tangu akiwa msichana.

Matrida hakumgombeza mumewe. Afadhali angemgombeza. Alisema tu, "Hilo gari lisifike tena kwa mama likiwa hivyo."

Boniphace alilipeleka kwa Stellah. Stellah alimpa pole, kisha akampa spana.

"Utafanya mwenyewe, ili ujue. Kwanza, tuko mahali tambarare. Zuia matairi ya mbele kwa mawe, upande wa mbele na wa nyuma. Nyanyua nyuma kwa jeki, halafu weka stendi za chuma chini yake. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Sasa shusha hendibreki kabisa."

Walitoa matairi ya nyuma na dramu, yale makopo ya chuma yanayofunika breki. Stellah akaonyesha vipande viwili vilivyopinda.

"Hivi ndivyo vinavyobana dramu. Vyako bado ni vinene, na waya haujakatika nyuzi. Vingekuwa vimeisha, tungebadilisha kwanza. Ila vimekaa mbali na dramu. Wewe ulivuta waya tu. Ulipaswa kuanzia hapa."

Walirudisha dramu na matairi. Nyuma ya kila dramu palikuwa na tundu. Ndani yake mlikuwa na kigurudumu cha meno.

"Kizungushe kwa bisibisi huku unazungusha tairi. Likikwaruza, rudisha kidogo mpaka lizunguke vizuri. Na upande wa pili vilevile."

Boniphace alifanya. Kisha wakafungua kifuniko cha hendibreki ndani ya gari, akakaza nati ya waya kidogo kidogo.

"Vuta, usikilize milio."

Tak, tak, tak. Kwenye mlio wa sita ikakaza.

"Magari mengi ya namna hii yanakaza kati ya mlio wa tano na wa nane," alisema Stellah. "Kipimo chenyewe kiko kwenye kitabu cha gari. Sasa shusha, uzungushe matairi. Yakigoma, umekaza mno. Ndiyo maana siku ile lilinuka moto."

Matairi yalizunguka vizuri. Walishusha gari, wakalijaribu kwenye mteremko, mguu wa Boniphace ukiwa tayari juu ya breki.

"Asisimame mtu nyuma!" Stellah alifoka. "Na ukiegesha, weka na gia."

Gari lilitulia.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza Boniphace.

"Ndiyo hivyo tu. Nilikuwaga nakwambia."

Boniphace alifunika uso, akalia.

Boniphace na mkewe walirudi Nyamuswa mama alipotoka hospitalini. Boniphace alisimama kilimani palepale. Alivuta hendibreki, akaweka gia, akazima injini. Akashuka. Gari halikusogea. Jiwe lilikuwa bado pale, hakuna aliyeligusa.

Benedikta alitoka, mkono umefungwa bandeji. Alilitazama gari muda mrefu.

"Kumbe linaweza kukaa lenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Kulitengeneza imechukua muda gani, mkwe wangu?"

Boniphace alitazama chini. "Asubuhi moja, mama."

Zizini ng'ombe alilia, maziwa yamemjaa. Mama aliokota ndoo kwa mkono wa kushoto, akampa Matrida.

"Asubuhi moja," alisema, akaingia ndani.