Mashavu na Mswada wa Mwani

Kila bamvua ilipofika, siku za maji kujaa na kutoka sana, Mashavu alikosa raha.

Alikuwa akiishi Amani, mjini Unguja, katika chumba kimoja cha kupanga. Pale bahari haionekani hata ukipanda juu ya paa. Lakini mwezi unaonekana. Akiutazama mwezi, Mashavu alijua kwamba kesho maji yatatoka mbali, na wanawake wa kijijini kwao, Jambiani, watashuka pwani na kamba zao za mwani mabegani. Yeye atakuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Mchele wenyewe aliuchambua mara mbili mbili, maana kazi nyingine hakuwa nayo.

Alipatamani mahali pake. Palikuwa kipande cha maji ya magotini, mbele ya kijiji, kinachofika hadi kwenye hoteli. Mama yake ndiye aliyempeleka pale, akamwonyesha namna ya kupiga kigingi mchangani na kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Mama alishafariki. Kila Mashavu alipoinama pale, aliona kama wako wawili. Huku Amani alikuwa peke yake, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Kilichowatoa kwao ni redio. Jioni moja ilitangaza kwamba Mswada wa Sheria ya Kilimo cha Mwani umesomwa katika Baraza la Wawakilishi. Mswada huo ulitaka mwani ulimwe kwenye maji ya kina tu, ili pwani ibaki wazi kwa wageni wa hoteli. Mashavu hajui kuogelea, na chombo hana.

Sasa, kijijini kwao tangazo likisomwa nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, wazee wameshalikubali. Kilichobaki ni kutii. Pandu, mume wa Mashavu, akaichukulia redio vivyo hivyo. Pandu ni mtu mwema, ila ana kiburi chake kidogo. Hapendi kufukuzwa mbele ya watu.

"Tutoke wenyewe kabla hatujatolewa," alisema.

Asubuhi yake aling'oa vigingi vyote, vikawa kuni. Majirani walimwambia angoje kwanza, yeye akawaona wabishi tu. Haukupita muda wakahamia mjini, na Pandu akapata kazi ya kubeba mizigo kwenye maduka ya Mlandege.

Siku moja jirani yao, Bi Khairat, aliwaletea sahani ya visheti. Bi Khairat ni msaidizi wa sheria. Watu wa mtaa humwendea kwa mambo ya mirathi, talaka na ugomvi wa nyumba. Alimkuta Mashavu ana macho mekundu.

"Shikamoo, Bi Khairat."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Sina kitu. Bamvua tu."

"Bamvua inamliza mtu? Hebu nambie."

Mashavu akamweleza yote. Bi Khairat alisikiliza mpaka mwisho, halafu akashika kichwa.

"Mmeng'oa vigingi kwa ajili ya mswada?"

"Si umeshasomwa?"

"Umesomwa mara ya kwanza! Mara ya kwanza husomwa jina lake tu, wajumbe wajue kwamba upo. Hakuna hata mmoja aliyesema ndiyo wala siyo. Mswada ni sheria inayoombwa. Sheria yenyewe bado."

Mashavu aliiweka sahani chini. "Kwa hivyo shamba langu…"

"Shamba lako hakuna aliyelikataza. Mmejikataza wenyewe."

Pandu alikuwa ndani anapumzika. Akatoka huku anafunga kikoi chake.

"Bi Khairat, mambo haya si yanaamuliwa Dodoma? Sisi wa Jambiani nani atatusikia huko?"

"Dodoma liko Bunge la Jamhuri ya Muungano," Bi Khairat alijibu. "Lile hutunga sheria za mambo ya Muungano, kama ulinzi, uraia na mambo ya nje. Kilimo cha Zanzibar si jambo la Muungano. Sheria yake hutungwa hapa hapa, na Baraza la Wawakilishi, kule Chukwani. Ndiyo maana jimbo lenu lina mbunge anayekwenda Dodoma, na lina mwakilishi anayekwenda Chukwani. Kwa mambo ya mwani, mtafuteni mwakilishi."

"Na sasa mswada uko wapi?" Mashavu aliuliza.

"Uko kwenye kamati. Wizara iliuandika, Serikali ikaukubali, ukachapishwa katika Gazeti Rasmi, ukasomwa mara ya kwanza. Sasa kamati ya Baraza inauchambua, kama wewe na mchele wako. Hapo ndipo wananchi huitwa watoe maoni. Baadaye utasomwa mara ya pili. Siku hiyo Waziri anaueleza, kamati inasema iliyoyaona, na wajumbe wanajadili. Halafu wanaupitia kifungu kwa kifungu. Kifungu kibaya kinaweza kubadilishwa hata hapo. Ukishasomwa mara ya tatu na kukubaliwa, Baraza limeupitisha."

"Ndiyo sheria hiyo?"

"Bado! Mpaka Rais wa Zanzibar atie saini."

Pandu alitazama chini. "Na mimi nshavichoma vigingi," alisema.

Bi Khairat aliuliza huku na huku, akaijua siku ya kamati kuwasikiliza wananchi. Ilikuwa katika ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe. Mashavu alipita vichochoro vya Mkunazini huku amemshika Bi Khairat mkono asipotee. Mlangoni alikutana na wenzake wa Jambiani. Mwakilishi wao alikuwa amewapa habari. Walimkumbatia, na nguo zao zilinuka mwani. Mashavu aliivuta harufu ile kwa nguvu.

Zamu yake ilipofika, mwenyekiti alisema, "Karibu, mama."

Mashavu alisimama. "Mimi naitwa Mashavu, wa Jambiani. Mnataka twende maji ya kina. Hatujui kuogelea, mtatuzika. Mimi niliogopa mswada huu nikaondoka, na kila bamvua nnalia kama nimefiwa upya. Msitutoe. Wageni wapeni pao na sisi tuachieni petu. Pwani ni ndefu."

Mjumbe mmoja akauliza, "Mtakubali kuacha sehemu zilizo mbele ya hoteli?"

Wenzake wote wakamtazama. Nusu ya shamba la Mashavu iko mbele ya hoteli. Ndiyo nusu aliyoanzia kazi, alipofunga kamba ya kwanza na mama yake.

"Kama wengine watabaki, tutaacha," akasema.

Alirudi Amani, akakaa mlangoni, akachambua tena mchele aliokwisha kuuchambua.

Siku zikapita. Bi Khairat akaja na habari. Kamati imependekeza kifungu kipya: anayelima mwani kwenye maji mafupi siku sheria itakapoanza, ataendelea, isipokuwa mbele ya hoteli.

"Alhamdulillahi!" Mashavu alisimama.

"Sikiliza vizuri kwanza," Bi Khairat alimwambia. "Anayelima. Aliyewahi kulima hakutajwa."

Mashavu akamgeukia mumewe. "Tunarudi, Pandu."

"Tungoje sheria isainiwe, tujue moja," alisema Pandu. "Wajumbe wanaweza kukikataa kifungu hicho. Nisije nikapiga vigingi leo, kesho nikang'oa tena."

"Mswada ulinihamisha, sasa mswada unizuie?" Mashavu alipandisha sauti, jambo lisilo kawaida yake. "Ikisainiwa nami nipo hapa, ntakwenda kuwatazama wenzangu tu. Mimi nnakwenda kesho. Wewe njoo ukipenda."

Akaenda. Wenzake walimpa mbegu, kila mmoja kidogo. Siku chache baadaye Pandu alitokea pwani na mzigo wa vigingi vipya begani. Alivipiga kimoja kimoja huku jasho linamtoka, na majirani, watu wazima na akili zao, wakajifanya hawamwoni.

Mswada ukasomwa mara ya pili. Mwakilishi wao alisimama akawatetea. Wajumbe walibishana, wakapitia kifungu kwa kifungu, na kile kifungu kikabaki kama kamati ilivyoomba. Ukasomwa mara ya tatu, Baraza likaupitisha. Rais akatia saini, na sheria ikatangazwa katika Gazeti Rasmi. Siku ilipoanza kutumika, mwani wa Mashavu ulikuwa umeshachipua kwenye kamba.

Bamvua iliyofuata, ofisa wa kilimo alishuka pwani na sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, kuweka alama kwenye mashamba. Maji yalikuwa ya magotini. Alifika kwa Mashavu.

"Shamba hili la nani?"

"Langu."

Ofisa aliweka alama yake. Kisha akanyoosha kidole upande wa hoteli, ambako hapakuwa na kigingi hata kimoja, na wageni wawili walikuwa wakioga.

"Na pale?"

"Pale nilipaacha mwenyewe," alisema Mashavu, "ili hapa pabaki."

Akainama tena kufunga mwani. Macho yalikuwa yakimwenda upande ule kila mara, lakini mikono haikusimama.